Ukuta mmoja, majibu matano: urefu wa kweli ni upi?

SWALI: "Nataka kuweka rafu ya mbao kwenye nafasi iliyo kati ya kuta mbili. Nilipima mara tatu kwa tepu yangu ya chuma, nikapata milimita 2,434, kisha 2,436, kisha 2,435. Rafiki yangu aliyezoea inchi alipima kwa tepu yake akasema ni inchi 96 barabara, yaani milimita 2,438. Tukaazima kipimo cha leza, nacho kikasoma 2,433. Nikakata ubao kwa 2,436, ukagoma kuingia. Hapo nikagundua kwamba ile kulabu iliyo mwisho wa tepu yangu inacheza, nikazigonga ribiti zake kwa nyundo mpaka ikatulia. Nikapima upya, nikakata ubao wa pili, huo unapwaya. Nimesoma kwamba siku hizi mita inatokana na mwanga na haina kosa hata chembe. Iweje basi ukuta mmoja uwe na majibu matano? Urefu wa kweli ni upi? Je, ninunue leza? Ubao wa kwanza bado nimeuegemeza pembeni."

JIBU:

Ndugu msomaji, kwanza nikutoe hofu. Hukukosea kwa uzembe. Umepima mara tatu, ukamwita mwenzako, ukaazima na leza. Wengi hupima mara moja wakakata. Kinachokusumbua ni kwamba unatafuta namba moja iliyofichwa ukutani, ukiamini kuwa tepu nzuri itaifichua na tepu mbaya itaipotosha. Mimi nimefanya kazi ya vipimo miaka mingi na bado sijakutana na namba hiyo. Kupima urefu ni kulinganisha: unaweka kitu kando ya kitu kingine na kutazama kama ncha zao zinakutana. Namba ni jina tu tunalolipa tokeo la ulinganisho ule, na jina hilo hubeba kasoro zote za mkono, jicho, chombo na kitu chenyewe.

Nianze na kulabu, maana hapo ndipo ulipojiumiza ukidhani unajitibu.

Shika tepu mpya uitazame kwa karibu. Kwenye ncha kuna kipande cha chuma kilichokunjwa kama herufi L, kimeshikwa na ribiti mbili au tatu, na matundu ya ribiti hizo yamerefushwa kidogo. Ukikisukuma kinarudi ndani, ukikivuta kinatoka. Pima mwendo wake: ni sawa na unene wa chuma cha kulabu yenyewe, mara nyingi kama milimita moja. Hilo limefanywa makusudi. Unapopima ubao, unaitundika kulabu kwenye ukingo na kuvuta, kwa hiyo sifuri inatakiwa iwe upande wa ndani wa chuma. Unapopima kati ya kuta mbili, unaisukuma kulabu igote ukutani, na sasa sifuri inatakiwa iwe upande wa nje wa chuma hichohicho. Kati ya sifuri hizo mbili kuna unene wa kulabu, na kule kucheza ndiko kunakoufidia unene huo. Aliyebuni jambo hili alistahili shukrani, lakini kila mwaka kuna watu wanaolishukuru kwa nyundo.

Tazama sasa kilichotokea baada ya kuzigonga ribiti. Tuseme kulabu ilikwama ikiwa imetoka nje. Ukiisukuma ukutani hairudi tena, kwa hiyo tepu inasoma pungufu kwa milimita moja; ukienda kwenye ubao na kuitundika, inapima sawasawa, na ubao unatoka mfupi kwa milimita moja. Tuseme badala yake ilikwama ikiwa ndani. Ukutani inasoma sawasawa, lakini ukiitundika kwenye ubao, upande wa ndani wa chuma tayari uko milimita moja mbele ya sifuri, na alama yako inaangukia milimita moja kabla ya mahali pake. Ubao unatoka mfupi tena. Vyovyote ulivyoigonga, anayepima ukuta na kuhamishia ubaoni kwa tepu hiyo atapata ubao unaopungua. Ndiyo maana wa pili unapwaya, au angalau hiyo ni sehemu ya sababu.

Ribiti zilizokwisha kupondwa ni vigumu kuzirudisha zicheze kwa kiasi kilekile, hivyo nisingekushauri ujaribu kuzilegeza kwa koleo. Tepu hiyo bado inaweza kufanya kazi ukianzia kwenye alama ya milimita 100 badala ya kulabu, kisha ukatoa 100 mwishoni. Ila mtu mwenye haraka husahau kutoa hiyo 100, na ubao unaokatwa sentimita kumi zaidi au pungufu unauma kuliko wa milimita moja. Iweke kwa kazi zisizo na haja ya kubana.

Sasa nirudi kwenye mwanga, kwa sababu ulichosoma ni kweli, ila kimekufanya utarajie jambo lisilowezekana.

Mita ilianza kama ndoto ya kuwa na kipimo kisicho cha mwili wa mtu. Shibiri, dhiraa na pima vinatokana na viganja na mikono, na mikono hailingani. Mwaka 1791 wanasayansi wa Ufaransa walipendekeza mita iwe sehemu moja ya 10,000,000 ya umbali kutoka Ncha ya Kaskazini hadi ikweta. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuutembea umbali huo wote na kamba, wataalamu wawili wa elimu ya nyota, Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain, walipewa kazi ya kupima kipande chake, kutoka Dunkirk hadi Barcelona, kwa pembetatu kutoka kilele hadi kilele. Walianza 1792 wakamaliza 1798, vita na mapinduzi vikiwazunguka.

Nakusimulia habari za Méchain kwa sababu alipatwa na yaleyale yaliyokupata. Akiwa Barcelona alipima latitudo, yaani pembe inayoonyesha mahali palivyo mbali na ikweta, kwenye ngome ya Mont Jouy, halafu akapima tena mahali pengine mjini, si mbali na hapo. Vipimo viwili vilipooanishwa, havikukubaliana: vilitofautiana kwa takriban sekunde tatu za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja). Alikuwa mpimaji hodari, mwenye mkono mtulivu na subira isiyo ya kawaida, na kwa macho yake tofauti hiyo ilikuwa aibu. Akaificha. Ilimla moyo miaka yote iliyofuata, akarudi Uhispania kuendeleza kazi, na huko akafa kwa homa ya manjano mwaka 1804. Siri hiyo ilikuja kuonekana Delambre alipopitia karatasi zake. Mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, Adrien-Marie Legendre alichapisha njia ya kihesabu ya kushughulikia vipimo visivyokubaliana, ile ambayo leo hufundishwa vyuoni. Méchain aliishi kabla watu hawajakubali kwa moyo mweupe kwamba vipimo vizuri hutofautiana, na kwamba tofauti hiyo ni habari ya kuandikwa pamoja na namba. Kila ninapokutana na mtu anayejilaumu kwa milimita mbili, humkumbuka yeye.

Mita yao ilitoka fupi kwa takriban milimita 0.2 kuliko ilivyokusudiwa, hasa kwa sababu ya namna walivyokadiria ubapa wa dunia kwenye ncha. Haikujalisha. Mita ilishakuwa urefu wa kipande cha platinamu, na dunia iliachwa iwe na urefu wake. Mei 20, 1875 nchi 17 zilitia saini Mkataba wa Mita, na mwaka 1889 kikawekwa Sèvres, karibu na Paris, kipande kipya cha platinamu na iridiamu chenye mistari miwili midogo. Umbali kati ya mistari hiyo, kwenye joto la barafu inayoyeyuka, ndio ulikuwa mita. Mwaka 1960 chuma hicho kikastaafu, mita ikawa mawimbi 1,650,763.73 ya mwanga wa rangi ya chungwa iliyoiva unaotolewa na gesi ya kriptoni. Tangu 1983, mita ni umbali ambao mwanga husafiri katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, kwa sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde.

Namba hiyo ya mwisho haina kosa kwa sababu imekubaliwa kwa makubaliano. Hakuna anayeipima tena. Lakini usahihi huo ni wa maneno ya ufafanuzi. Ili ufike kwenye tepu yako, lazima upite njia ndefu. Kuna maabara inayotumia leza iliyotulizwa, yenye wimbi la karibu nanomita 633, kuhesabu mawimbi na kupima vipande vya chuma vilivyosuguliwa mpaka vikishikana vinang'ang'aniana. Vipande hivyo au leza nyingine hupima kipimo cha kiwanda. Kipimo cha kiwanda hulinganishwa na tepu chache kati ya zinazochapwa. Kisha wewe unainama kwenye kona yenye giza, penseli mdomoni, na kusoma. Kila pingu ya mnyororo huu huongeza shaka kidogo, na kubwa kuliko zote huwa ni ile ya mwisho, hapo penye kona na penseli.

Ukitaka kujua shaka ya tepu yenyewe, tazama karibu na mwanzo wa utepe. Tepu nyingi zina namba ya Kirumi: I, II au III. Kwa kanuni za Ulaya, ambazo watengenezaji wengi huzifuata, tepu ya daraja la II inaruhusiwa kukosea milimita 0.3, pamoja na milimita 0.2 kwa kila mita unayopima, ukihesabu kipande cha mita kuwa mita nzima. Kwa nafasi yako hiyo ni milimita 0.9 kwenda juu au kushuka. Kwa hiyo tepu mbili halali kabisa, zilizotoka dukani siku moja, zinaweza kupishana karibu milimita 1.8 kwa urefu huo na hakuna iliyovunja ahadi. Daraja la III ruhusa yake ni maradufu ya hiyo. Tepu isiyo na alama yoyote haijaahidi kitu.

Joto nalo watu hulisingizia sana. Vipimo vya urefu hutajwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi, na chuma hurefuka kama sehemu 12 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Nyuzi kumi zaidi zingerefusha tepu yako, kwa nafasi hiyo, kwa milimita 0.3 hivi. Kwenye kazi ya rafu, liache. Kwa fundi wa injini ni habari nyingine.

Tuzichambue sasa zile namba tano, maana hazina uzito sawa.

Zako tatu, 2,434 hadi 2,436, ziko ndani ya milimita mbili. Kwa tepu iliyopindwa kwenye kona, hizo ni nzuri. Utepe haukunjiki kwa pembe kali; unajipinda kama upinde, na unachosoma kwenye upinde ni kisio. Njia ya kuliepuka hilo ni kuweka alama ya penseli mahali fulani katikati, upime kutoka ukuta wa kushoto hadi alama, kisha kutoka ukuta wa kulia hadi alama hiyohiyo, ujumlishe. Ncha zote mbili zinakuwa za kulabu na hakuna kona ya kukisia. Tepu nyingine zimeandikwa urefu wa kasha lake ubavuni ili ulisukume kasha lenyewe ukutani na kujumlisha. Nayo inafaa, mradi kasha liwe na mgongo ulionyooka.

Ya rafiki yako naiogopa kwa neno "barabara". Mistari ya kawaida ya tepu ya inchi iko kila sehemu ya 16 ya inchi, yaani karibu milimita 1.6, na mtu akisema barabara mara nyingi ameshasogeza jibu mpaka thumuni iliyo karibu, ambayo ni zaidi ya milimita 3. Ukibadilisha inchi 96 kwa 25.4, unapata 2,438.4, namba inayoonekana sahihi mpaka sehemu ya kumi ya milimita. Usahihi huo umetoka kwenye kuzidisha, ukutani haukuwapo. Isitoshe, kuna makosa mawili yanayopenda kuongeza tu: mshazari na kulegea. Ncha moja ikiwa juu au mbele ya nyingine kwa sentimita 12, nafasi yako inasomeka ndefu kwa milimita 3. Tepu ikilegea sentimita 5 katikati, inaongeza karibu kiasi hichohicho, ingawa sentimita 3 huongeza moja tu. Wala hakuna mshazari unaofupisha. Kwa hiyo jibu refu kuliko mengine ndilo la kwanza kutiliwa shaka.

Leza ilisoma 2,433. Leza ya mkononi hutuma mwanga wenye mapigo au mawimbi ya kujirudia na kulinganisha uliokwenda na uliorudi. Mwanga huvuka mita moja kwa nanosekunde 3.3, yaani sehemu 3.3 za bilioni za sekunde, basi fikiria chombo kinavyotakiwa kuwa makini ili kitofautishe milimita. Vingi huahidi kosa la milimita 1.5 au 2. Lakini kina mtego wake: kina kitufe cha kuchagua kama kipimo kianzie mgongoni au usoni mwa chombo, na lazima mgongo ulale sawasawa ukutani. Zaidi ya yote, kinapima nukta moja tu. Nukta ikiangukia kwenye uvimbe wa plasta, umepima uvimbe.

Na hapa ndipo penye kiini cha swali lako la "urefu wa kweli". Kuta zako si mistari miwili ya kitabu cha hesabu. Simamisha kitu kirefu kilichonyooka ukutani, tazama mwanga unavyopenya hapa na pale. Nyuma karibu na kona inaweza kuwa 2,433, mbele 2,436, juu 2,437, chini 2,434, na zote zikawa kweli kwa wakati mmoja. Mwanahisabati Benoît Mandelbrot aliandika mwaka 1967 kuhusu pwani ya Uingereza kwamba urefu wake hutegemea fimbo unayopimia: fimbo fupi huingia kila ghuba ndogo na pwani inazidi kurefuka. Ukuta wako ni mpole kuliko pwani, lakini ni wa ukoo huohuo. Swali linalojibika si "nafasi hii ina urefu gani?" bali "ni ubao gani utakaoingia hapa, kwenye usawa huu, na kina hiki?"

Najua kishawishi cha kuchukua wastani. Wastani wa namba zako tano ni 2,435.2, na unaonekana wa haki, kama kugawana urithi. Usiufuate. Wastani unafaa pale makosa yanapoyumba huku na huku bila mpango, kama zako tatu za kwanza. Pale kosa linapovuta upande mmoja, kama mshazari, kulabu iliyokwama, au kupima mahali pasipo penyewe, wastani unalichanganya kosa na ukweli na kukupa kitu ambacho si hiki wala kile.

Kuna jambo moja hukulitaja ambalo nalishuku sana kwa ubao wa kwanza. Tuseme rafu ina kina cha milimita 300. Ukiuingiza ubao kwa kutanguliza ncha moja nyuma na kuuzungusha ukiwa umelala, unaomba nafasi ya pembe kwa pembe, na mshazari wa ubao wa 2,436 kwa 300 ni karibu milimita 18 zaidi ya urefu wake. Utagoma hata kama urefu ni sahihi. Uingize kwa kuinamisha ncha moja chini na kuushusha kutoka juu. Hapo mshazari ni wa unene tu, na kwa ubao wa milimita 20 unaongeza chini ya milimita 0.1. Angalia pia kama ncha zilikatwa mraba. Nyuzi moja ya upotofu kwenye kina cha 300 inatoa zaidi ya milimita 5 kati ya mbele na nyuma.

Je, ununue leza? Kwa kazi hii, hapana. Ningekuwa na vyumba vingi vya kupima, dari ndefu, mahali pasipofikika bila ngazi, ningeinunua kesho. Kwa mita mbili na nusu zinazotakiwa kubana, haikupi zaidi ya tepu nzuri, na inakunyima kile tepu inachokupa: kuona kwa macho kinachogusa nini. Tepu mpya ya daraja la II, au la I ukiipata, ni matumizi bora ya fedha zako. Ukiinunua, ijaribu: sukuma kulabu ukutani, piga alama sakafuni kwenye 500, kata kipande cha mbao kwa kuitundika kulabu na kusoma 500, kilaze kikigusa ukuta. Ncha ikiangukia kwenye alama, kulabu yako ni nzima.

Lakini njia ninayoipenda kuliko zote haina namba. Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila moja ndefu kuliko nusu ya nafasi, na uchonge ncha moja ya kila fito iwe kama ncha ya penseli. Zilaze pamoja pale rafu itakapokaa, nyuma kabisa. Zisukume kila moja mpaka ncha yake iguse ukuta wake, kisha chora mstari mmoja unaopita juu ya zote mbili na uzibane kwa klampu. Zitoe. Sasa umeshika nafasi yenyewe mikononi. Hakuna sifuri, hakuna kulabu, hakuna inchi ya kubadilisha, wala tepu ya nani. Rudia mbele ya rafu kwa mstari wa rangi nyingine. Ukiona mistari miwili imepishana, umejua kuta hazilingani na kwa kiasi gani. Hamishia ubaoni nyuma na mbele, unganisha alama hizo, na hiyo ndiyo njia ya msumeno, hata kama haiko mraba. Punguza milimita moja kila upande ili ubao upate nafasi ya kupita.

Hapo kuwa makini na mambo mawili madogo. Penseli butu huchora mstari wa milimita nzima, ichonge. Na msumeno wa mashine hula njia ya milimita 2 au 3, basi amua mapema unakata upande gani wa mstari, na uwe upande wa taka.

Zipo kazi ambazo ningekwambia weka tepu chini uite mtu. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakikatwi tena baada ya kutoka kiwandani, hivyo mwache atakayekitengeneza aje apime mwenyewe na abebe dhamana ya namba zake. Mpaka wa kiwanja usiuamue kwa tepu wala leza hata kama jirani amekubali. Huo ni wa mpimaji ardhi mwenye kibali, kwa sababu hapo urefu ni haki ya mtu na utasomwa mahakamani. Nguzo au boriti inayobeba dari ni ya mhandisi. Shafti au silinda ya injini inataka maikromita, inayosoma sehemu ya mia ya milimita, na chumba ambacho joto lake linajulikana. Na kama unauza kitu kwa mita, chombo chako lazima kihakikiwe na mamlaka ya vipimo. Hapo milimita zinazopotea ni za mteja.

Rafu yako haiko kwenye orodha hiyo. Unaweza kuimaliza mwenyewe, na tena sihitaji ukanunue mbao nyingine. Ubao wa kwanza uliouegemeza pembeni huenda ni mrefu kupita kiasi, lakini ubao mrefu bado una dawa. Uchukue huo. Zipitishe fito zako mbili ukutani nyuma na mbele, zilaze juu ya ubao, chora, kata upande wa taka, ukianza na ncha moja tu. Ujaribu kwa kuushusha kutoka juu. Ukigoma, tazama unapogota kabla ya kukata tena: pitisha kipande cha karatasi kati ya ncha ya ubao na ukuta, kuanzia nyuma kuja mbele, na pale karatasi itakapokwama ndipo pa kupiga randa. Ule wa pili unaopwaya utafaa kwa rafu ya juu, ukipigilia papi nyembamba ubavuni kuziba pengo.